Ndege Mwenye Jina Lake

Umri wangu wa kazi umekwisha nikifundisha watoto kuchora, Ibra, kisha Sur, kisha Nizwa, hapa Oman, na kila mwaka ilikuja ile siku ya ndege wahamao ambayo ilizinduliwa Kenya mwaka 2006 na sasa huadhimishwa mara mbili, Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba. Shule huombwa mabango. Watoto wakiachiwa hivihivi, watachora njiwa mweupe juu ya tufe la dunia, mikono miwili imelipakata, na chini yake maneno "Tuwalinde ndege". Kazi hii imenifikisha kwenye hukumu moja ambayo sijapata sababu ya kuibadilisha: bango la namna hiyo halimlindi ndege yeyote kwa sababu halimtaji ndege yeyote. Anayemsaidia mtoto asimshike mkono wala asimpe maneno matamu. Amsaidie kumjua ndege mmoja: anaitwaje, anatoka wapi, anakwenda wapi, na ni kitu gani hapa kwetu kinachomdhuru.

Mfano ninaoupenda ni yule ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya buluu iliyofifia, na mdomo mweusi mnene kama umechongwa kwa ajili ya ndege mkubwa zaidi. Huzaa kwenye visiwa vidogo karibu na Masirah, wakati wa joto kali, na hajengi tundu juu ya mti: huchimba shimo mchangani, akaingia chini, akataga yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuatamia. Baadaye wengine hubaki kwenye tope la Barr al Hikman, ng'ambo tu ya Masirah, ambako ndege wa pwani wanaokuja kipupwe hukadiriwa kufikia nusu milioni, na wengine huteremka hadi Mida karibu na Watamu nchini Kenya, hadi pwani ya Tanzania, na hadi Bukini. Ni upande uleule walikoelekea manahodha wa Sur, wakishuka na kaskazi na kurudi na kusi, na mtoto wa Sharqiyah, eneo la Sur, ambaye babu yake alizaliwa Unguja anayo safari hiyo ndani ya ukoo wake. Sasa tazama mchoro. Mtoto akiuchora mdomo mwembamba kama wa shomoro, si kosa la urembo tu, kwa sababu mdomo mnene ndio unaosema kaa, kaa ndiye anayesema tope, na tope ndilo linaloeleza kwa nini gari lisipite pale maji yanapokupwa. Akiichora miguu mifupi, amemwondoa ndege majini. Kila mstari uliochorwa sawa umebeba sababu yake, ndiyo maana sioni tofauti kati ya kumfundisha mtoto kutazama na kumfundisha kutetea.

Huambiwa kwamba hayo ni ya watu wa pwani, na kwamba mtoto wa Ibra au Nizwa hana ndege wa kuhama. Anao. Ndege anayevuka jangwa anatafuta maji na kivuli, na bara ya Oman maji na kivuli viko kwenye mifereji ya falaji na mitende yake. Falaji ya Daris pale Nizwa iliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2006, pamoja na ile ya Jayla katika wilaya ya Sur, na wageni huisifu kwa ustadi wa wazee waliochimba. Kwa hudihudi na kwa keremkerem ni kituo cha safari. Lakini keremkerem analeta pingamizi zito kuliko la jiografia, kwani hula nyuki, na Dakhiliyah, eneo la Nizwa, zipo nyumba zenye mizinga. Mfuga nyuki akimwita mwizi, hajadanganya. Nami sioni kwamba jibu ni kumficha. Bango liichore mizinga pia, na limwoneshe keremkerem akiwa na mavu mdomoni, maana mavu naye ni adui wa nyuki na keremkerem humla. Wapo wanaozaa hukuhuku kaskazini ya Oman, ila makundi makubwa hupita tu katika safari, na hasara ya mpita njia ina mwisho wake. Bango linaloficha mizinga litachekwa na wenye mizinga, na watakuwa na haki.

Pingamizi kubwa zaidi ni kwamba bango ni karatasi, na ndege hulindwa na serikali. Sheria ipo, Amri ya Kifalme nambari 6 ya mwaka 2003 kuhusu hifadhi na viumbe wa porini, na naiheshimu. Ila sheria humfikia mwenye bunduki na mtego kwa wepesi kuliko inavyoufikia mshipi wa nailoni uliotupwa ufukweni ukamfunga ndege mguu, au taa inayowaka bure usiku kucha juu ya paa. Mambo hayo hutoka nyumbani, na nyumbani mtoto husikilizwa. Watoto wa Sur hawahitaji hata kueleweshwa habari ya taa: wamelelewa pamoja na kasa wa Ras al Hadd, hifadhi tangu mwaka 1996, ambako kila mtu anajua kwamba kifaranga akiona taa nchi kavu hupotea njia ya baharini. Ndege wengi husafiri usiku, nao taa huwapoteza. Nakubali kwamba nyaya za umeme na bandari haziondolewi na penseli za rangi, na simtwishi mtoto mzigo huo. Namtaka aombe kitu kimoja ambacho msomaji wake anaweza kukifanya leo jioni.

Wapo walimu wenzangu wanaoona kwamba nambana mtoto, kwamba kuchora ni uhuru. Rangi ni zake, mpangilio ni wake, na raba ya mwalimu isiguse karatasi yake; bango lililomaliziwa na mkubwa ili lishinde tuzo ni uongo wenye jina la mtoto. Lakini sijaona uhuru wowote katika yule njiwa na tufe, kwani watoto wote humchora sawasawa. Aliyemjua ndege wake ndiye anayechora tofauti na jirani yake. Na maarifa hayo hayako kitabuni peke yake. Shuleni atapata jina la Kiarabu, nyumbani bibi aliyekulia Unguja atampa majina ya Kiswahili, kitwitwi na sululu, pamoja na namna kitwitwi anavyokimbia mbele ya wimbi na kurudi nalo, jambo ambalo picha haioneshi. Ayaandike yote mawili, jina la Kiarabu na la Kiswahili. Kisha bango lisitundikwe kwenye ukuta wa shule, ambako wanaolisoma ni waliolichora. La mshipi liende pale wavuvi wanaposhonea nyavu, la keremkerem liende kwa muuza asali, tena chini kidogo, usawa wa macho ya mtu aliyekaa.