Muziki wa ‘makelele’ ulivyofungua mazungumzo ya mama na kijana wake

Katika nyumba nyingi za hapa kwetu, roki ni muziki wa kuzimwa. Mzazi akisikia magitaa yananguruma chumbani kwa kijana, swali la kwanza ni nani kakufundisha haya, na la pili linamhusu shetani. Kwenye nyumba moja ya Tabata, Dar es Salaam, mambo yamegeuka: mwenye roki ni mama, na anayeomba sauti ipunguzwe ni mwanawe wa kiume mwenye miaka 15.

Mama huyo ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi, ana miaka 43 na watoto wawili. Aliupenda muziki huo akiwa sekondari, kupitia kanda za kaka yake. Wenzake wa wakati ule wamehamia kwenye injili na rumba, yeye amebaki. Asubuhi ndani ya daladala, abiria wanamwona mama wa kitenge aliyefumba macho, hawajui masikioni mwake kuna nini.

Anachokiona katika albamu mpya za miaka hii ni kwamba wanamuziki wa ujana wake wamezeeka pamoja naye. Hasira za ujana zimepungua. Sasa wanaimba kufiwa na wazazi, mirathi na usingizi uliogoma kuja. Ni mambo yaleyale yanayojaza ukurasa huu kila wiki.

Kwa asiyeujua muziki huu, roki mbadala ni ile iliyokulia pembeni ya muziki wa soko. Roki ya progresivu ni ndugu yake mwenye subira: wimbo mmoja unaweza kwenda dakika 10 hata 20, mapigo yanabadilika njiani, na mara nyingi albamu nzima husimulia kisa kimoja. Mtu aliyekulia kwenye taarab, au kwenye nyimbo ndefu za Franco ambazo hazina haraka ya kufika kwenye sebene, hawezi kushangazwa na urefu huo. Wanaoshangaa ni watoto wa video za sekunde 30.

Baba yake mama huyo alifariki Oktoba 2024. Msiba ulikuwa na watu, turubai, masufuria makubwa na michango. Baada ya siku chache kila mtu alirudi kazini, naye akarudi. Hakulia ofisini, hakulia nyumbani, na watoto wakamwiga. Kijana, aliyekuwa akicheza bao na babu yake kila likizo, hakusema neno lolote kuhusu babu.

Novemba 1 mwaka huo bendi ya The Cure ya Uingereza ilitoa albamu ya Songs of a Lost World. Ilikuwa ya kwanza kwa nyimbo mpya tangu 2008, yaani baada ya miaka 16. Katika kipindi hicho mwimbaji wao, Robert Smith, alipoteza wazazi wote wawili na kaka yake, na mmoja wa nyimbo nane zilizomo ni wa kumlilia kaka huyo. Wimbo wa kwanza, Alone, unapigwa zaidi ya dakika tatu kabla sauti ya mtu haijasikika. Mama huyo anasema dakika tatu hizo ndizo zilizomliza, ndani ya daladala, mbele za watu. Wimbo ulikuwa umemsubiri kwanza, jambo ambalo watu waliokuja msibani hawakuweza, kwa kuwa kila aliyeingia alikuwa na la kusema.

Akarudia pia albamu ya Foo Fighters ya Marekani, But Here We Are, ya Juni 2023. Mwaka 2022 kiongozi wa bendi hiyo, Dave Grohl, alifiwa na mpiga ngoma wao, Taylor Hawkins, na baadaye akafiwa na mama yake mzazi, aliyekuwa mwalimu. Grohl alikaa kwenye ngoma mwenyewe kurekodi albamu hiyo, na wimbo unaoitwa The Teacher, yaani Mwalimu, unapita dakika 10. Kwa wanaodhani roki ni muziki wa watu wasioheshimu wazazi, mama huyo huwaambia waanzie hapo.

Opeth ya Sweden ilimchekesha. Albamu yao ya Novemba 2024, The Last Will and Testament, inasimulia familia ya kitajiri ya miaka ya 1920 inayokusanyika kusomewa wosia wa mzee aliyefariki, na siri za nyumba zinaanza kumwagika. Nyimbo karibu zote hazina majina, zimepewa alama za vifungu kama hati ya mwanasheria. Ian Anderson, yule mzee wa filimbi wa Jethro Tull, amealikwa kusoma na kupuliza. Mama huyo aliisikiliza wakati ndugu zake wakibishana kuhusu kiwanja cha baba, akaona kwamba Sweden na Tabata hazipo mbali sana. Mngurumo wa mwimbaji, uliokuwa umetoweka kwenye albamu zao tangu 2008, yeye haupendi hata leo. Anauvumilia kwa ajili ya hadithi.

Albamu iliyogusa nyumba yake yote ni ya Februari 2025, Parasomnia ya Dream Theater. Kwa mashabiki, habari kubwa ilikuwa kurudi kwa mpiga ngoma Mike Portnoy, ambaye alikuwa hajarekodi na bendi hiyo tangu albamu ya 2009. Kimuziki mama huyo hakuridhika sana: kuna sehemu magitaa na kinanda vinashindana mbio mpaka wimbo unasahauliwa, na wa mwisho, The Shadow Man Incident, unakaribia dakika 20. Lakini jina la albamu ni neno la kitabibu. Parasomnia ni mambo yasiyo ya kawaida yanayomtokea mtu akiwa usingizini au anapoingia na kutoka humo: kutembea akiwa amelala, kupiga kelele za hofu, kukabwa na jinamizi.

Jumapili moja aliiweka kwenye spika akikunja nguo. Kijana akauliza huyo mtu analalamika nini. Mama akaeleza maana ya jina. Kijana akakaa kimya kidogo, kisha akasema, “Mama, hii inanitokea.”

“Inakutokea nini, baba?”

Inamtokea kuamka usiku wa manane macho yakiwa wazi, lakini hawezi kusogeza hata kidole. Kifua kinabanwa. Mlangoni amesimama mtu. Tangu msiba ilikuwa imemtokea mara nyingi, na alikuwa na hakika mtu huyo ni babu. Hakusema kwa sababu alijua kitakachofuata: bibi atasema babu amekasirika, shangazi atamtafuta mtu wa maombi, na watoto wa mtaani watapata cha kumtania.

Mama anakiri kwamba naye moyo ulimruka. Lakini wiki hiyo alimpeleka kijana kituo cha afya, na maswali ya daktari yakaanzia mahali ambapo hakupategemea: unalala saa ngapi? Ikabainika kwamba tangu msiba kijana alikuwa akishika simu hadi saa saba usiku, kwa sababu aliogopa kulala, na kadiri alivyokosa usingizi ndivyo jinamizi lilivyozidi kuja.

Maelezo ya kitabibu si ya kutisha. Katika hatua ya usingizi yenye ndoto nyingi, ubongo hulegeza misuli ili mtu asitende anachokiota. Wakati mwingine akili huamka kabla misuli haijaachiliwa. Kwa sekunde kadhaa au dakika chache mtu anaona chumba, hawezi kusogea, na mabaki ya ndoto yanachanganyika na anachokiona. Hofu hujaza yaliyobaki, na aliyefiwa anaweza kumwona aliyemkosa. Hali hii huchochewa na kukosa usingizi, kulala kwa saa zisizo na mpangilio na msongo wa mawazo, na mara nyingi huanza katika ujana. Yenyewe haiui.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Simu ikahamia sebuleni ikifika saa tatu usiku, muda wa kulala ukawa mmoja hata Jumamosi, na kijana akaacha kulala chali, kwa kuwa mkao huo huongeza uwezekano wa hali hiyo. Iwapo jinamizi linarudi mara kwa mara, mtoto anasinzia darasani, anatembea usingizini, au huzuni ya msiba inamfanya aache kula, aache marafiki au azungumzie kufa, nafasi yake ni hospitali, na mapema.

Bibi naye hakunyimwa nafasi. Alisikiliza maelezo ya daktari hadi mwisho, akasema kuombea mtoto hakujakatazwa. Hakuna aliyembishia. Kijana sasa analala chumba kimoja na mdogo wake, taa ndogo ikiwaka. Jinamizi halijakoma kabisa, lakini anapokabwa anajua linaitwaje, na asubuhi anasimulia mezani badala ya kulificha.

Kuna sheria nyingine nyumbani humo, nayo inamhusu mama kuliko mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti isizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na 75 kwa watoto. Njia rahisi ni kutovuka asilimia 60 ya uwezo wa simu na kupumzisha masikio. Shabiki wa roki mwenye safari ndefu za daladala, anayepandisha sauti kushinda kelele za injini, ndiye wa kwanza kuonywa. Masikio yakiisha hayanunuliwi Kariakoo.

Machi 2025 Steven Wilson wa Uingereza alitoa The Overview, albamu ya nyimbo mbili tu: wa kwanza dakika 23, wa pili dakika 18. Wazo lake ni hali inayowapata wanaanga wanapoitazama dunia kutoka mbali na kuiona ndogo. Mama na kijana waliisikiliza yote wakiwa wamekaa kwenye kochi, simu zikiwa kabatini. Katikati, bila kuulizwa, kijana alianza kuzungumzia bao la babu, nani atalirithi, na kama babu alijua kwamba siku ile ya mwisho alimwachia ashinde makusudi. Mama hakuzima muziki wala hakujibu haraka.

Kijana hajawa shabiki. Anasema nyimbo mbili kwa dakika 40 ni adhabu. Ametoa sharti lake: kila albamu ya roki atakayoketi nayo, mama atasikiliza singeli nusu saa, sauti hiyohiyo, bila kuuliza nani kamfundisha. Mama amekubali. Wiki hii ni zamu ya singeli.