Wosia kwa Watakaowatetea Waliovuka Mpaka

Wajukuu zangu mnaosoma sheria Butembo na Beni, nanyi mlioko katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali na Nakivale, Uganda,

Miaka imenielemea, na mali ya kuwagawia sina. Nawaachia neno juu ya kazi ambayo wengi wenu mnaitamani: kuwatetea wakimbizi na wahamiaji.

Kazi hii ilitufuata nyumbani. Julai 2013 Kamango ilivamiwa, maelfu wakavuka mpaka na kukimbilia Bundibugyo. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya waasi wa ADF upande wa Beni yamewasukuma wengine wengi hadi Uganda. Watu hao wanahitaji msemaji, na ninyi mnajua walikotoka.

Kwanza, someni mpaka mwisho. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989 wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko, kimewasogezea elimu ya sheria mlangoni. Lakini diploma peke yake haimfanyi mtu avoka. Sheria yetu ya Kongo ya 28 Septemba 1979 inadai kiapo, kisha mafunzo ya kazi chini ya avoka mzoefu. Huko nje nako kuna utaratibu. Marekani inamruhusu hata asiye mwanasheria kumsimamia mhamiaji, mradi serikali imemwidhinisha kupitia shirika inalolitambua. Kanada ina washauri wa uhamiaji wenye leseni. Popote mtakapofanya kazi, jina lenu liwe katika orodha ya walioruhusiwa. Kabla ya hapo, msijiite avoka hata kwa mzaha.

Pili, msiionee haya kazi mliyoifanya kabla ya sheria. Aliyekuwa mwalimu anajua kwamba daftari la shule linaweza kuthibitisha umri wa mtoto ambaye karatasi zake ziliungua na nyumba. Aliyekuwa muuguzi anajua kovu la panga linavyoandikwa katika ripoti ya daktari. Katekista anajua parokia inatunza wapi vitabu vya ubatizo. Mchuuzi wa mpakani Kasindi anajua mtu alivukaje, saa ngapi, na kwa karatasi gani. Mkalimani anajua mama anaponyamaza kwa aibu na anaponyamaza kwa hofu. Ujuzi huo haufundishwi chuoni, na mara nyingi ndio unaookoa dosye.

Oneni mfano wa yatima aliyelelewa na baba yake mdogo. Siku ya kuandikishwa ameandikwa kuwa mtoto wa kumzaa. Miaka inapita, familia inahojiwa ili ihamishiwe nchi ya tatu, naye anatajwa kuwa mtoto wa marehemu kaka. Kwetu hakuna aliyesema uongo. Kwa mhoji, familia nzima imedanganya. Mtetezi aliyekulia katika nyumba zetu ataligundua jambo hilo mapema na kulieleza kwa maandishi kabla halijawa kosa.

Tatu, waheshimuni wasio wanasheria. Barbara Harrell-Bond alikuwa mwanaanthropolojia. Mwaka 1982 alianzisha Oxford kitengo cha masomo ya wakimbizi, na ni miongoni mwa waliochochea kuzaliwa kwa Refugee Law Project katika Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 1999. Wanasheria wengi wa wakimbizi wamepita katika njia aliyoifungua yeye.

Nne, shikeni tarehe. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa anayeomba hifadhi siku 30 tangu aingie nchini ili apeleke ombi lake. Ni kweli kwamba Wakongo kwa muda mrefu wamepokewa kwa pamoja kama kundi, lakini atakayekataliwa ataponea kwa mtetezi anayehesabu siku za rufaa, wala si kwa mwenye sauti kubwa.

Tano, na hili nalisema kwa ukali: msiuze matumaini. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, haitozi hata senti kumhamishia mkimbizi nchi ya tatu. Anayedai dola ili jina lako liingie katika orodha ya kwenda Marekani au Kanada ni mwizi, hata akiwa na suti, hata akiwa ndugu yetu. Malipo ya halali ya avoka yaandikwe, yatolewe risiti, na asiye nacho atetewe bure.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Mmoja wenu akila kiapo, aanze na dosye ya mjane asiye na senti. Mungu awalinde, na awarudishe nyumbani wote wanaotaka kurudi.

Babu yenu, Butembo