Ukifika Kibaoni, usifunue albamu haraka haraka

Haya vijana wa mjini, tuambiane ukweli. Simu yako ina picha ngapi? Elfu mbili? Elfu tano? Na ukiulizwa miaka kumi ijayo huyu wa kushoto ni nani na hapo ni wapi, utajibu au utakuna kichwa? Ndiyo maana wiki hii nawapeleka Kibaoni, Ifakara, bondeni Kilombero.

Ukitokea Mikumi unapita Kidatu kwenye miwa, halafu milima ya Udzungwa inakusindikiza mkono wa kulia na mpunga unakufuata mpaka unachoka kuutazama. Kibaoni jina linajieleza: penye kibao. Yaani bila maandishi, mgeni hajui yuko wapi. Na picha nazo ni hivyo hivyo.

Si mnajua desturi zetu? Mgeni akishakaa, chakula kikiwa jikoni, anapewa albamu. Nyumba niliyofikia nilipewa mbili wakati wali unaiva (na mchele wa Ifakara, jamani, harufu yake tu ni mboga tosha).

Ya kwanza ilitengenezwa na binti wa nyumba ile enzi za filamu za picha 36. Amebandika maua ya kukata magazetini, kopa nyekundu pembeni, madoido yote. Lakini kilichonikamata ni ukurasa wa pantoni. Picha yenyewe haina lolote: maji mengi na migongo ya watu. Chini yake kuna kipande cha karatasi ya daftari, kimejaa mwandiko. Kumbe siku hiyo ilikuwa harusi! Masika, mto umefura, bwana harusi yuko huku, bibi harusi yuko ng'ambo ya Ulanga, pilau linapoa. Wapiga ngoma wakaona isiwe tabu, wakacheza palepale ukingoni mpaka jioni pantoni ilipokuja.

Leo hakuna tena kungoja hivyo. MV Kilombero II ilizama mwaka 2016, na mwaka 2018 likafunguliwa Daraja la Magufuli, mita 384. Unavuka hujamaliza hata karanga zako. Mtoto wa Ifakara wa sasa ataujuaje mto uliomchelewesha bibi harusi? Kwa kile kikaratasi.

Albamu ya pili ilikuwa ya marehemu babu. Haina neno hata moja. Vijana watano mbele ya pazia la studio, suruali za bugaluu, nywele za afro, wametoka kweli kweli.

"Bibi, huyu wa katikati nani?"

"Babu yako huyo, mjukuu wangu."

"Na huyu wa mwisho?"

Akaisogeza picha dirishani. "Huyu alikuja na kazi ya reli. Mcheshi huyo! Jina lake... babu yako ndiye alilijua."

Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Kijana alitoka kwao, akafanya kazi, akacheka na wenzake, akapiga picha. Nikageuza mgongo wa picha, mweupe pe.

Basi wapenzi wa albamu, chapisheni picha chache mnazozipenda, na pembeni andikeni. Msiandike "siku nzuri sana", hilo halimsaidii mtu. Jina, mahali, mwaka, halafu jambo moja ambalo kamera haikuliona: nani alikuwa hasemi na nani, viatu vya kuazima vilikuwa vya nani. Mgongoni tumia penseli laini, tena pembezoni, maana kalamu ya wino ukiikandamiza inatokeza mbele. Na zile albamu za kurasa za gundi na nailoni juu, ziepukeni. Miaka ikipita picha inaganda, ukiing'oa inachanika. Waliosoma bweni miaka ya 90 wanakumbuka otografu. Mambo ni yale yale, ila hapa acha usanii, sema kilichotokea.

Mimi na bibi tulikaa na ile albamu ya babu mpaka taa ikawashwa, yeye anasema, mimi naandika. Tulipata majina manne. Wa tano tumemwekea mstari mtupu chini ya bugaluu yake. Bibi anasema kuna mzee mmoja Mlimba huenda anamfahamu, na mzee mwenyewe afya yake siyo nzuri.