Mungu Alinirudishia Pumzi

Naandika haya nikiwa nyumbani Husby, hapa Stockholm, nikiwa mzima. Nakuandikia wewe unayekohoa usiku na unaogopa kusema.

Kilianza kikohozi kikavu, likafuata jasho la usiku lililolowesha shuka. Kwetu Uvira, mtu wa namna hiyo husemwa ana kifua kikuu. Nilipimwa, hawakukiona, nikapewa dawa ya kikohozi. Siku zikaenda, kupanda ngazi za nyumbani kukawa kazi. Asubuhi moja wifi yangu akanitazama, akashtuka: "Wifi, mbona uso umevimba hivi? Na hiyo mishipa ya shingo?" Mume wangu akapiga 1177, namba ya ushauri wa afya. Muuguzi aliuliza kama naweza kulala chali. Nikamjibu, nalala nimekaa. Akasema twende hospitali saa hiyo hiyo.

Wakanipiga eksirei, kisha CT. Daktari akatugeuzia skrini. Katikati ya mapafu palikuwa na uvimbe wa zaidi ya sentimita 10, umebana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka kichwani na mikononi. Kumbe ndiyo sababu ya uso kuvimba.

Walihitaji kinyama cha kupima, lakini nusu kaputi waliiogopa. Misuli ikilegea nikiwa chali, uvimbe ungeweza kuziba njia ya hewa. Basi wakanichoma ganzi, nimeketi, macho wazi, wakapitisha sindano kando ya mfupa wa kifua. Nikasikia mlio wake. Tak! Nikamng'ang'ania muuguzi mkono.

Usiku ule. Sitausahau. Nikiegemea nyuma, nakabwa. Niliwaza binti zangu. Nani atawasuka? Niliomba. Maneno yakaniishia. Nikabaki na jina la Yesu tu. Mama alikuwa kwenye simu kutoka Uvira, akaomba mpaka kukakucha.

Majibu yakaja: limfoma ya Hodgkin, saratani ya tezi za limfu. Daktari alisema wengi hupona, hata uvimbe ukiwa mkubwa, na kwamba hii haitibiwi kwa kisu bali kwa dawa. Nikaanza dripu za kemo, kila baada ya wiki mbili. Moja ilikuwa nyekundu kama juisi ya rosela. Mkojo ulipotoka mwekundu nilipiga kelele. Kumbe ni rangi ya dawa. Nywele zilikwisha, kinywa kikawa vidonda, wifi akanipikia uji. Lakini uso ulinywea, na nikalala chali tena! Skani ya mwisho haikuona saratani.

Hata sasa, nikikohoa kidogo tu, mkono unakimbilia shingoni.

Mpendwa, ukiona uso unavimba, mishipa ya shingo imesimama na pumzi inakata ukilala, usisubiri miadi. Hapa Uswidi piga 112. Kiswidi kikikushinda, omba mkalimani wa Kiswahili. Na umwambie mtu wa nyumbani kwako leo.