Paulo Alishuka



Kijana wetu mmoja hapa Kipini alisimama madhabahuni akashuhudia kwamba ameacha unga. Tukapiga vigelegele. Nikamwombea, nikamwambia asirudi huko kamwe. Jambo moja sikumwambia, kwa sababu sikulijua: mwili uliokaa miezi bila heroini hauwezi tena kubeba kipimo cha zamani. Kile alichozoea ndicho kinachoweza kumuua.

Aliporudia, alituonea haya. Akajifungia peke yake. Tulimkuta asubuhi.

Soma Matendo 20. Eutiko alisinzia Paulo akihubiri, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Paulo hakuuliza kwa nini analala ibadani. Alikatiza mahubiri (nasi wahubiri twajua ugumu wake!), akashuka, akamkumbatia.

Sasa wewe unayesoma: ukimkuta mwanao au teja yeyote haamki ukimwita, anakoroma vibaya, pumzi zake ni chache, midomo imebadilika rangi, usimkimbie. Usimmwagie maji ukangoja. Unga unazima pumzi. Inua kidevu chake, mpulizie pumzi mdomoni, huku mwingine akitafuta gari au pikipiki. Akipumua mwenyewe, mlaze kwa ubavu. Hospitalini sema wazi ni unga, usifiche. Iko dawa, naloksoni, inayorudisha pumzi kwa dakika chache, ila nguvu yake huisha mapema, kwa hivyo asitoroke kurudi nyumbani. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri hata jamaa na marafiki wa watumiaji waweze kuipata na wafundishwe kuitumia.

Na anayetaka kuacha, msimkataze methadoni. Hospitali ya Malindi inaitoa tangu 2015. Hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na kutoka huku kwetu nauli peke yake ni mtihani. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia hiyo ni kubadilisha dawa kwa dawa. Nikamwambia, baba, maiti hatubu.

Jumatano baada ya maombi, muuguzi mmoja atatufundisha kumpulizia mtu pumzi. Wewe uliyerudia, njoo pia, hakuna atakayekuuliza. Mama wa yule kijana amesema atakuwepo. Mje na mikeka.