Sekem: Jangwa Lililogeuka Shamba

Msafiri atokaye Kairo kuelekea kaskazini-mashariki, akishika njia ya Bilbeis kwa kiasi cha kilomita 60, hufika mahali ambapo kijani cha bonde la Nile hukoma ghafla na mchanga ukaanza. Kwenye ukingo huo ndipo lilipo shamba la Sekem. Leo mgeni hulakiwa na safu za miti mirefu, ng'ombe zizini, mimea ya dawa, na sauti za watoto shuleni. Mwaka 1977 palikuwa jangwa tupu.

Mwanzilishi wake, Dakta Ibrahim Abouleish, alizaliwa Misri mwaka 1937. Akiwa na miaka 19 alikwenda mjini Graz, nchini Austria, akasoma kemia na tiba, akaoa, akapata watoto wawili na kazi ya heshima katika utafiti wa dawa. Mwaka 1975 alikuja kuitembelea nchi yake, akahuzunishwa na ufukara wa watu na udongo uliochoka. Miaka miwili baadaye alihamia Misri pamoja na ahali yake, akanunua kiasi cha hekta 70 za jangwa. Ardhi duni aliichagua kwa makusudi, kwani jambo likifaulu pale, nani atasema haliwezekani kwingine?

Hakuanza kwa kutafuta mavuno. Alichimba visima, akapanda mivinje na mikaratusi kuuzuia upepo usipeperushe mchanga, akafuga ng'ombe kwa ajili ya samadi. Samadi ilichanganywa na mabua na majani, ikarundikwa, ikatiwa maji na kugeuzwa mpaka ikawa mboji. Mchanga mtupu hauyashiki maji, lakini ukichanganyika na mboji hushika unyevu na kulisha viumbe vidogo vinavyoupa mmea chakula. Kwa njia hiyo udongo uliumbika kidogo kidogo, bila mbolea za viwandani wala sumu za wadudu.

Palikuwapo udongo mwingine wa kuandaliwa, nao ni nyoyo za majirani. Jina Sekem limetokana na lugha ya Wamisri wa kale, nalo lahusu nguvu ya uhai itokayo kwenye jua. Njia yake ya kilimo nayo ilitokana na mafunzo ya Rudolf Steiner, mwanafikra wa Ulaya. Haikuchukua muda watu wakavumisha kwamba pale jua linaabudiwa. Tuhuma kama hiyo katika jamii ya Waislamu si ndogo. Yaweza kubomoa kazi ya miaka. Dakta Abouleish hakujibu matusi kwa matusi. Aliwaita masheikh na maimamu, akawaonyesha shamba, akawaeleza kwa kutumia Qur'ani kwa nini mja aliyekabidhiwa ardhi hana budi kuitunza. Wakamwelewa.

Kutoka hapo kazi ilivuka mipaka ya shamba. Pamba ya Misri ilikuwa ikinyunyiziwa sumu kwa ndege, na sumu haichagui baina ya mdudu, mfereji na mtoto. Katika miaka ya 1990 Sekem na wakulima walioungana nao walionyesha kwamba nondo waharibifu waweza kudhibitiwa kwa mitego yenye harufu ya jike, inayowavuta na kuwahadaa madume. Matokeo hayo yalichangia kupunguza sana matumizi ya sumu katika pamba nchini humo.

Lipo jambo ambalo huenda likamshtua mzazi. Watoto wa familia maskini walikuwa wakichuma kamomili, ua dogo linalotengenezewa chai. Kuwafukuza kungewapeleka kwenye kazi ngumu zaidi kwingine. Sekem iliwapunguzia saa za kazi, ikawapa masomo, chakula na matibabu. Tunaweza kulijadili, lakini hatuwezi kusema aliwafumbia macho. Sehemu ya faida ya shamba ilijenga shule na zahanati, na mwaka 2012 chuo kikuu cha Heliopolis kilifungua milango yake Kairo. Mwaka 2003 Dakta Abouleish na Sekem walitunukiwa tuzo ya Right Livelihood. Alifariki mwaka 2017, na mwanawe Helmy akaendeleza kazi.

Sisi wa pwani tunaujua mvinje, na mchanga tunao mpaka mlangoni. Maganda ya ndizi na mabaki ya mboga tunayotupa jaani kila siku ndiyo mwanzo wa mboji. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwislamu apandaye mmea, kisha akala mtu, mnyama au ndege, huandikiwa sadaka. Mama mwenye kitalu cha mchicha uani na mwanawe anayemwagilia wanashiriki thawabu hiyo, hata kama shamba lao halizidi upana wa mkeka.

Mwenyezi Mungu amrehemu Dakta Abouleish, na atujaalie kuirudisha amana ya ardhi ikiwa hai kuliko tulivyoipokea. Amin.