Blada Sio Mchezo wa Watoto

Kuna maneno nimechoka kuyasikia kwa gym za hapa Kitale: "Ongeza kilo." Unataka kifua? Ongeza kilo. Unataka mbio? Ongeza kilo. Na ukitoa blada kwa begi, wasee wanacheka.

Naandika kwa sababu ya binamu yangu wa Bungoma. Anacheza raga, winga, na mwezi ujao ana majaribio ya timu. Mkufunzi fulani alimwambia bomba lake la nyumbani lenye mikebe miwili ya saruji, pamoja na blada aliyokata kwa tyubu ya lori, ni mchezo wa watoto. Ati alipe elfu mbili mia tano kwa mwezi ainue vyuma vya ukweli. Manze, hizo ndizo pesa zake za nauli na viatu.

Tuanze na fizikia ya sekondari. Chuma cha kilo 40 kinakuvuta kwa nyutoni kama 392, uwe umekishika chini au juu. Ukitaka kitoke haraka, lazima utoe nguvu zaidi ya hiyo, hasa mwanzoni. Kikishashika mwendo kinajibeba chenyewe, na mwishoni unalazimika kukipiga breki kisikutoroke. Yaani ukiinua chuma chepesi kwa kasi, sehemu ya mwisho misuli inapunguza kazi.

Blada ni kinyume. Yenyewe haina uzito wa maana. Mwanzoni imelegea, mkono unatoka haraka. Kadiri unavyoivuta ndivyo inavyokaza, na inakudai zaidi pale mwisho, mahali chuma kimeshakuachilia. Ndiyo maana kuna wanyanyua vyuma wakubwa wanaofunga blada kwenye chuma chenyewe. Hao pia ni watoto?

Gym kubwa zina hata mashine za hewa iliyobanwa. Hapo hakuna chuma kizito cha kusukumwa kianze mwendo, kwa hivyo unaweza kusukuma kwa kasi kubwa zaidi. Lakini ile nguvu kubwa ya mwanzo, chuma bado kinakushinda nayo. Kila aina ya mzigo ina somo lake.

Hii si siri mpya. Mwaka 1938 Mwingereza A. V. Hill, ambaye tayari alikuwa na Nobel ya 1922, alipima misuli ya chura akaonyesha kwamba kadiri msuli unavyojikunja kwa kasi, ndivyo nguvu yake inavyopungua. Huwezi kuwa na vyote viwili kwa kiwango cha juu kwa wakati mmoja.

Sasa mwangalie Ferdinand Omanyala, aliyekulia Tongaren, kaunti ya Bungoma, na aliyecheza raga kabla ya riadha. Septemba 2021 pale Kasarani alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Mtu akiwa kwa mwendo huo, mguu unagusa chini kwa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Nguvu inayohitaji muda mrefu kujitokeza inafika kama mguu umeshaondoka. Simaanishi wakimbiaji wa mbio fupi hawainui vyuma vizito. Wanainua, na vinasaidia. Lakini hawaishii hapo.

Kwa hivyo binamu yangu nimemwambia hivi. Siku mbili kwa wiki, bomba na saruji: kushuka polepole, kusukuma juu kwa nguvu zote. Mikebe aipime kwanza kwa mizani ya mahindi, kwa sababu mkebe mmoja ukizidi mwingine mgongo utalipa. Siku moja, blada, kukimbia mlima, na kurusha mfuko wa mchanga. Kitu unachokiachilia hakikuhitaji kupiga breki, unasukuma mpaka mwisho. Na blada aikague kila mara. Ikiwa na ufa aitupe, maana ikikatika inaenda moja kwa moja kwa jicho.

Gym ni nzuri. Ukiwa na pesa, lipa. Lakini mkufunzi akikuambia uongeze kilo, muulize: ni nguvu ninayokosa, au ni kasi? Akishindwa kukujibu, weka pesa yako ya nauli mfukoni.